Jaji Aliyeshindwa Kesi Lakini Hakuweka Kalamu Chini: Maisha ya Syed Ameer Ali

Ramadhani ikifika kila mtu hujiuliza atatoa nini: futari, zaka, sadaka. Basi leo nakuletea habari za mtu aliyetetea aina moja ya sadaka kwa karibu miaka 20, tena akiwa jaji chini ya Waingereza.

Syed Ameer Ali alizaliwa mwaka 1849 katika mji wa Cuttack, mashariki ya Bara Hindi. Nyumbani alifundishwa Qur'ani, Kiarabu na Kifarsi, na chuoni Hooghly, karibu na Calcutta, akasoma historia na sheria. Alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, na mwaka 1873 akawa wakili London. Mwaka huo huo, hata miaka 25 hajatimiza, akatoa kitabu juu ya maisha na mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Alikitoa kwa Kiingereza makusudi, ili wale waliokuwa wakiukashifu Uislamu wausome kwa lugha yao wenyewe. Baadaye akakipanua kikawa The Spirit of Islam, kilichotoka mwaka 1891. Si wanazuoni wote waliokubaliana na kila alichoandika humo, lakini kilisomwa dunia nzima.

Aliporudi Calcutta alifanya uwakili, akafundisha sheria, akawa hakimu. Mwaka 1877 alianzisha jumuiya ya kutetea elimu na haki za Waislamu. Mwaka 1890 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta.

Hapo ndipo alipokutana na mtihani wa wakfu. Wakfu tunaujua sote. Mtu anatoa nyumba au shamba, lisiuzwe wala lisirithiwe, na faida yake iwafae watoto na wajukuu, na kizazi kikimalizika iende kwa maskini. Kwa Mwislamu, kuwalisha jamaa zako ni sadaka pia. Majaji wa Kiingereza hawakuliona hivyo. Kwao sadaka ni ya watu wa nje tu, na huo wakfu wa familia ulikuwa ni ujanja wa kuficha mali.

Kesi moja ya namna hiyo ilipofika mbele ya jopo la majaji Calcutta, Ameer Ali aliandika hukumu ndefu ya kuwapinga wenzake, akatoa dalili za fiqhi moja baada ya nyingine. Akashindwa. Mwaka 1894 pigo likaja kutoka juu kabisa. Privy Council ya London, iliyokuwa ikimaliza rufaa zote za makoloni, iliamua kwamba wakfu kama huo ni batili.

Sasa jaji afanye nini? Hakususa wala hakujiuzulu kwa hasira. Mchana alikata kesi, na wakati wake mwingine akaandika vitabu vya sheria ya Kiislamu na vya historia. Hoja zake zikabaki kwenye karatasi zikisomwa. Mwaka 1913 Muhammad Ali Jinnah alifaulu kupitisha sheria ya kuhalalisha tena wakfu wa familia Bara Hindi. Na kumbe Ameer Ali mwenyewe, aliyestaafu mwaka 1904 na kuhamia Uingereza, tangu mwaka 1909 alikuwa ameketi kwenye ile ile Privy Council, Mhindi wa kwanza kupata kiti hicho!

Hata uzeeni hakupumzika. Mwaka 1910 alisaidia kuanzisha mfuko wa kujenga msikiti London. Waislamu wa Tripoli walipovamiwa na Italia mwaka 1911, alihangaika kuunda Hilali Nyekundu ya Uingereza ili kuwasaidia majeruhi. Alifariki mwaka 1928 bila kuuona msikiti. Mfuko ule ulifungua msikiti wake wa kwanza mashariki ya London mwaka 1941.

Vijana wenzangu, msidhani haya ni ya Wahindi peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 rufaa ya wakfu ilitoka hapa hapa Mombasa ikafika London. Majaji wakauvunja wakfu ule kwa kufuata uamuzi wa 1894, kwa sababu sheria ya 1913 ilikuwa ya Bara Hindi, huku kwetu haikuhusu. Mzee yule keshazikwa zaidi ya miaka 20, na lile alilolipinga likatufuata mpaka pwani.

Kwa hiyo wewe unayesoma sheria, usiione madrasa kuwa ni ya watoto. Na wewe wa madrasa, usiseme sheria za serikali hazikuhusu. Siku jambo letu likifika mahakamani, lazima awepo mtu anayezijua zote mbili, na awe radhi kuandika ukweli hata kama siku hiyo atashindwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na azikubali saumu zetu. Amin.