Az-Zahrawi, Bingwa wa Kijembe na Chuku

Kando ya njia itokayo Kitengela kwenda Kajiado, nilipata kuwaona Wamasai wakimtoa ng'ombe damu. Walimfunga ukanda shingoni mpaka mshipa ukatutumka, kisha kijana akamfyatulia mshale kwa karibu. Damu ikatiririkia kibuyuni, ukanda ukafunguliwa, jeraha likazibwa, na ng'ombe akarudi malishoni. Nilipokaribishwa nilishukuru tu, kwani damu kwetu ni haramu. Lakini mshale niliomba niutazame. Ncha yake ilikuwa fupi, na nyuma ya ncha pana kizuizi, usije ukazama ukamuua mnyama.

Kizuizi kile kilinikumbusha Abulqasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi.

Tabibu huyu Mwislamu alizaliwa Andalusi yapata mwaka 936, na jina lake latokana na Madinat az-Zahra, mji wa makhalifa uliokuwa jirani na Cordoba. Alitibu na kufundisha kwa miaka kama 50, ndipo yapata mwaka 1000 akakamilisha kitabu chake, At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na humo alichora vyombo kiasi cha 200, akaeleza kila kimoja na kazi yake.

Mna vijembe vya kupasulia mshipa, mna na vyombo vya kuumikia. Chuku zake si za pembe tu, kama za waumishi wetu wa pwani, bali pia za shaba na kioo.

Hijama ina asili katika Sunna, lakini Az-Zahrawi hakukubali baraka iwe pazia la ujinga. Alisimulia habari za tabibu aliyepasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa asiyoijua, na mama wa watu akafa kwa kutoka damu. Kwa hiyo aliwataka wanafunzi wake waujue mwili kabla ya kushika chuma.

Alifariki yapata mwaka 1013. Katika karne ya 12, Gerard wa Cremona alikifasiri kitabu cha upasuaji kwa Kilatini, na Ulaya ikajifunza kwacho kwa karne nyingi.

Leo hospitali hutoa damu kwa maradhi machache tu, bali waumishi wangaliko mitaani mwetu. Ndugu msomaji, kabla hujampa mtu mgongo wako, muulize kajifunza wapi, na kijembe chake ni kipya au kimekwisha mchanja mwingine. Kijana wa Kajiado ajua mshale wake ukomee wapi, naye amtoa damu ng'ombe. Mwanadamu hastahili pungufu ya hayo.