Salomon Sulzer, sauti ya sinagogi la Vienna

Leo twende Austria, kwa Myahudi mmoja ambaye wengi wetu kwenye kwaya hatujawahi kumsikia, ingawa zaburi alizoziimba ndizo hizihizi zetu.

Salomon Sulzer alizaliwa mwaka 1804 katika mji mdogo wa Hohenems. Inasimuliwa kwamba utotoni aliponea chupuchupu kufa maji, mama yake akaweka nadhiri ya kumtoa kwa utumishi wa Mungu. Basi akasomea ukantori, yaani kazi ya kuongoza sala za sinagogi kwa kuimba. Mwaka 1826, akiwa na miaka 22 (umri ambao wengine bado tulikuwa tunahangaika na Kant), akaitwa Vienna kwenye sinagogi jipya, Stadttempel.

Sinagogi hilo lilifichwa katikati ya nyumba za watu, maana sheria iliruhusu makanisa ya Kikatoliki peke yake kuonekana barabarani. Jamani, tukubali tu, hilo halitupi sifa.

Ndani humo Sulzer akapanga upya nyimbo za kale, akaunda kwaya ya wanaume na wavulana, na hakuona haya kubisha hodi kwa Wakatoliki. Franz Schubert alimtungia Zaburi ya 92 kwa Kiebrania mwaka 1828, miezi michache tu kabla ya kufa. Joseph Drechsler, aliyekuja kuongoza muziki kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, naye alichangia. Kazi hizo zimo katika kitabu chake, Schir Zion. Wapo waliolalamika kwamba muziki wake unanukia kanisa mno, na nadhani walikuwa na hoja. Juzuu ya pili, ya mwaka 1866, inazirudia zaidi tuni za mababu.

Machi 1848 waliouawa katika mapinduzi ya Vienna walizikwa pamoja, Wakristo na Wayahudi. Padre Anton Füster alikuwepo, rabi Mannheimer alikuwepo, na Sulzer akaimba.

Alifariki mwaka 1890. Novemba 1938 Wanazi walipochoma masinagogi ya Vienna, Stadttempel hawakuliteketeza, kwa sababu moto ungeunguza nyumba za jirani. Ule ukuta wa kulificha ndio uliolisalimisha. Mpaka leo Wayahudi wanasali humo, na Zaburi ya 92 ni ya Sabato yao. Sisi tunakutana nayo Jumamosi, kwenye Masifu ya Asubuhi.