Ali Mubarak, mhandisi aliyewajengea walimu chuo

Hapa Kigali si ajabu mhandisi kukabidhiwa chuo. KIST ilipoanzishwa mwaka 1997, mkuu wake wa kwanza alikuwa mhandisi, Profesa Silas Lwakabamba. Misri ilifanya hivyo karibu karne moja na nusu kabla yetu, na mtu wake alikuwa Ali Mubarak.

Alizaliwa mwaka 1823 katika kijiji cha Birinbal, kwenye delta ya Nile, katika familia ya watu wa dini wasio na mali. Alisomeshwa Qur'ani, lakini viboko vya mwalimu vikamfukuza (waliopita madrasa zetu wataelewa), akaenda kusaidia makarani. Alipodai ujira wake alitiwa minyororo na kufungwa jela.

Baada ya hapo akapata kazi ya kuandika kwa Anbar Effendi, mtawala wa wilaya. Anbar alikuwa Mhabeshi aliyewahi kuwa mtumwa, na sasa wakubwa wa mji walisimama mbele yake kwa adabu. Kijana Ali akauliza mtu huyu amefikaje pale. Akaambiwa: amesoma shule ya serikali, Qasr al-Aini. Tangu siku hiyo hakutulia mpaka naye akaingia.

Huko alikuta maradhi, chakula kibaya na jiometri aliyoiona kama maandishi ya hirizi, hadi alipompata mwalimu mmoja, Ibrahim Ra'fat, aliyeieleza kwa subira. Basi mlango ukafunguka. Akaendelea hadi Muhandiskhana, shule ya uhandisi ya Bulaq, na mwaka 1844 akapelekwa Ufaransa, Paris na kisha Metz. Kifaransa alijifunza kwa kuhifadhi vitabu vya watoto usiku.

Mwaka 1850, hajafika miaka 30, Abbas Pasha alimpa uongozi wa Muhandiskhana. Tusifiche: alipewa kwa sababu mpango wake wa shule ulikuwa wa bei ndogo mno kuliko ule wa Mfaransa aliyemtangulia, na shule zikapunguzwa. Wanaomlaumu kwa hilo wana haki kiasi. Lakini aliingia darasani mwenyewe, na akahakikisha wanafunzi wanapata vitabu vilivyochapwa kwa lugha yao.

Said Pasha alipotawala alimwondoa na kumpeleka kwenye vita vya Crimea. Aliporudi hakuwa na cheo cha maana, akakubali kufundisha askari kusoma na kuandika. Hapakuwa na ubao wala vitabu. Herufi aliziandika ardhini na kwa makaa kwenye sakafu, jiometri akaifundisha kwa kamba na vijiti. Mkuu wa zamani wa chuo, kachuchumaa kivulini na askari! Mimi namheshimu hapa kuliko alipokuwa waziri.

Ismail aliposhika nchi mwaka 1863, mambo yaligeuka. Ali alipewa Qanatir, lile boma la kuzuia maji ya Nile kaskazini ya Cairo, ambako hata maji ya Nyabarongo yetu hufika. Kufikia 1868 alikuwa na elimu, reli, ujenzi na wakfu mkononi kwa pamoja, na mapato ya wakfu aliyaelekeza kwenye shule. Mwaka 1870 ikafunguliwa maktaba ya taifa.

Bado lilibaki tatizo: majengo yapo, walimu wako wapi? Waliojua Kiarabu vizuri hawakujua hisabati, na waliojua hisabati Kiarabu chao kilikuwa dhaifu. Ali hakuwadharau wanafunzi wa al-Azhar. Aliwachagua wenye uwezo, akawapa posho, akawaongezea hesabu, jiografia na sayansi. Hiyo ndiyo Dar al-Ulum, iliyoanza kupokea wanafunzi wake mwaka 1872.

Mwaka 1882, katika mgogoro wa Urabi, alisimama upande wa Khedivi Tawfiq, na Waingereza wakaikalia Misri. Wapo wasiomsamehe. Alirudi kuongoza wizara ya elimu mwaka 1888 hadi 1891, sasa chini ya macho ya Waingereza. Aliacha pia kitabu kikubwa juu ya miji na vijiji vya Misri, juzuu 20. Habari za maisha yake mwenyewe aliziweka humo humo, chini ya jina la Birinbal.

Alifariki Cairo, Novemba 1893, Allah amrehemu. Dar al-Ulum iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Cairo mwaka 1946, na mpaka leo ni kitivo chake kinachofundisha Kiarabu na elimu za Kiislamu.