CHRISTIAAN HUYGENS: MHOLANZI ALIYEPIMA NGUVU YA MZUNGUKO

Katika uwanja wa gwaride, safu inapogeuka kwa kuzunguka, askari wa ndani hupiga hatua mahali pamoja, naye wa nje hulazimika kurefusha hatua zake. Wote wawili hugeuka pembe ile ile kwa muda ule ule, lakini mwendo wao haulingani. Kuruta ye yote hulijua jambo hilo kwa miguu yake. Mtu aliyeonyesha kwa hesabu nguvu inayozaliwa na mzunguko, akaifuatilia hata katika mzunguko wa dunia yenyewe, ni Mholanzi Christiaan Huygens.

Alizaliwa mjini The Hague tarehe 14 Aprili, 1629. Baba yake, Constantijn, alikuwa katibu wa watawala wa ukoo wa Orange, waliokuwa majemadari wa majeshi ya Uholanzi. Kijana alipelekwa Leiden kusoma sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu na ufundi. Mwaka 1655, kwa darubini aliyoitengeneza pamoja na kaka yake, aligundua mwezi wa sayari ya Zohali uitwao Titan. Mwaka uliofuata akabuni saa inayoongozwa na pendulamu, yaani kitu kizito kinachoning'inia na kubembea kwa vipindi vilivyo sawa.

Mwaka 1659 aligeukia mzunguko. Azungushaye jiwe kwa kombeo huhisi kamba ikimvuta mkono. Hilo lilijulikana tangu kale, ila kiasi cha mvuto huo hakikujulikana. Huygens alionyesha kwamba mwendo ukiongezwa maradufu katika duara lile lile, mvuto huwa mara nne, wala si mara mbili. Ukiongezwa mara tatu, huwa mara tisa. Lakini duara likipanuliwa maradufu, na jiwe likamaliza mzunguko kwa muda ule ule wa awali, mvuto huongezeka maradufu tu. Dereva wa lori anayeingia kwenye kona kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40 huyadai matairi yake kazi mara nne, na askari wa usalama barabarani wameyaona mara nyingi matokeo ya deni hilo.

Kazi hiyo hakuichapisha. Mwaka 1666 alihamia Paris kuwa mmoja wa wakuu wa chuo kipya cha sayansi cha Mfalme Louis wa 14, akalipwa vizuri na kupewa makao katika maktaba ya mfalme. Miaka sita baadaye majeshi ya mfalme huyo huyo yaliivamia Uholanzi. Waholanzi walifungulia maji na kuyafurikisha mashamba yao wenyewe ili kumzuia adui, naye kaka yake Christiaan akawa katibu wa jemadari wa nchi yao. Christiaan alibaki Paris. Mwaka 1673, vita vikiendelea, alitoa kitabu chake kikuu juu ya saa, akakitunuku kwa Mfalme Louis. Mwishoni mwa kitabu alitaja kanuni 13 za nguvu ya mzunguko, bila kutoa uthibitisho wake. Mwanajeshi hawezi kuusoma ukurasa ule wa kumtukuza mfalme bila kukunja uso, ingawa ni haki kusema kwamba hakuna popote alipoishika silaha dhidi ya nchi yake.

Maradhi yalimrudisha nyumbani mwaka 1681, na Ufaransa hakurudi tena. Wakati huo alishughulishwa na habari iliyotoka Cayenne, karibu na Ikweta, ambako saa ya pendulamu iliyopelekwa toka Paris ilichelewa kwa zaidi ya dakika mbili kila siku. Huygens alieleza kwamba dunia inapozunguka, kilichopo Ikweta hukimbia kasi kuliko kilichopo kaskazini, kama yule askari wa nje ya safu, na hivyo uzito wake hupungua. Alipata kipimo cha sehemu moja katika 289. Basi msafiri wa kilo 70 anayesimama Kayabwe, katika barabara ya Masaka nchini Uganda, ambapo Ikweta inakatisha barabara, hupunguziwa karibu robo kilo na mzunguko huo. Kama dunia ingezunguka mara 17 upesi zaidi, asingekuwa na uzito wo wote.

Hoja hiyo ilijaribiwa baharini. Mwaka 1687 meli ya Kiholanzi ilirejea toka Rasi ya Tumaini Jema ikiwa na saa zake. Kwa hesabu ya saa pekee, ilionekana kana kwamba meli imepita juu ya nchi kavu ya Ireland. Huygens aliposahihisha kwa kipimo chake cha mzunguko, njia ilirudi baharini ilikopita kweli.

Mwaka huo huo Newton, aliyekuwa ameifikia kanuni ya mzunguko kwa njia yake mwenyewe, alimtaja Huygens katika kitabu chake kikuu. Huygens alifariki The Hague tarehe 8 Julai, 1695. Uthibitisho wa zile kanuni 13, uliokaa kwenye karatasi zake tangu ujana, ulichapishwa mwaka 1703.