John Paul Jones, Baharia Aliyesahauliwa

Katika mji wa Washington, ulio mji mkuu wa Marekani, imesimama sanamu ya shaba ya nahodha wa manowari. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1912, lakini nahodha huyo alikuwa amekufa tangu mwaka 1792. Na tusome habari zake, tujue kwa nini heshima hiyo ilikawia.

John Paul alizaliwa Scotland mwaka 1747, mwana wa mtunza bustani. Alipokuwa na miaka 13 aliingia chomboni kujifunza ubaharia. Baadaye alitumika katika merikebu za kuchukua watumwa kutoka Afrika. Lakini biashara ile ilimchukiza, na mwaka 1768 aliiacha. Mwaka 1773, huko Tobago, alimwua baharia aliyemwasi. Akaogopa hukumu, akakimbilia Virginia, akajiongezea jina la Jones.

Mwaka 1775 makoloni ya Amerika yalikuwa yakipigana na Uingereza, naye akajiunga na jeshi lao la majini. Tarehe 23 Septemba 1779, karibu na pwani ya Uingereza, merikebu yake Bonhomme Richard ilikutana na manowari ya Kiingereza, Serapis. Chombo chake kilikuwa kikuukuu, na mizinga yake miwili mikubwa ilipasuka mapema. Alipoona hawezi kushindana kwa mizinga, alizifunga merikebu mbili pamoja kwa kamba. Watu wakapigana ubavu kwa ubavu katika mbalamwezi, muda wa saa tatu na zaidi. Chombo chake kilishika moto, maji yakaingia. Adui akamwuliza kama amesalimu amri, naye akakataa. Mwisho Serapis ndiyo iliyoshusha bendera. Bonhomme Richard ilizama baada ya siku mbili, naye Jones akaondoka katika merikebu aliyoiteka.

Vita vilipokwisha, Marekani ilimpa nishani ya dhahabu, lakini haikuwa na manowari tena ya kumpa. Akatumika Urusi muda mfupi, kisha akaishi Paris, akafa humo peke yake chumbani, na umri wake miaka 45. Mfaransa mmoja alitoa fedha, mwili ukatiwa katika jeneza la risasi lililojazwa kileo kikali usioze, maana alidhani Wamarekani watakuja kuuchukua. Hawakuja. Makaburi yale yakafungwa, nyumba zikajengwa juu yake.

Miaka mia na zaidi ikapita. Ndipo Horace Porter, balozi wa Marekani huko Paris, alipomtafuta kwa fedha zake mwenyewe. Watu walichimba chini ya nyumba, na mwaka 1905 jeneza likaonekana. Mwili ulikuwa haujaharibika sana, hata waganga wakaweza kuulinganisha na sanamu ya kichwa chake iliyochongwa alipokuwa hai. Manowari za Marekani ziliuchukua mpaka Annapolis, penye chuo cha maofisa wa majini, na tangu mwaka 1913 umelala katika kaburi la marumaru chini ya kanisa la chuo.

Wazee husema, wema hauozi. Ni kweli, lakini mgonjwa yule wa Paris alihitaji rafiki kando ya kitanda chake kuliko sanamu. Basi, anayestahili shukrani ashukuriwe angali hai.