Sayyid Said na Jora la Merikani

Mtu akiingia duka la nguo Takaba, kule Mandera Magharibi, ataona mashuka na vitambaa vimepangwa hadi darini, na vingi vyao vimevuka bahari kabla ya kupanda lori. Jambo hili si la jana. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kigarre walipakia ngamia huko Luuq, kando ya mto Juba, wakapita katika bara hiyo kavu hadi nchi ya Waborana, wakauza nguo na kurudi na pembe. Nguo zenyewe asili yake ilikuwa Benadir. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo za mji huo zikipelekwa hata Misri.

Kisha ikaja nguo nyingine, nyeupe isiyopaushwa, nene, rahisi, iliyofumwa kwa mashine upande wa pili wa dunia. Watu wakaiita merikani. Kisa chake hakitengeki na maisha ya Sayyid Said bin Sultan.

Said alizaliwa Oman yapata mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, na miaka miwili baadaye kijana huyo akatwaa utawala kwa kumwua binamu yake Badr bin Seif. Wasomaji wetu wa Mombasa hawana haja ya kusimuliwa vita vyake na Wamazrui, vilivyokwisha mwaka 1837. Yatosha kusema kwamba alikuwa bwana wa vita na zaidi ya hapo tajiri wa biashara, na Unguja ilimvutia kwa bandari yake, maji yake na karafuu zake. Kufikia 1840 alikuwa amehamishia makao yake huko. Mashamba hayo ya karafuu, tusifiche, yalilimwa kwa jasho la watumwa.

Nguvu zake zilikuwa forodhani. Waingereza walikuwa wameshika Bahari ya Hindi, Wafaransa wakimnyemelea kutoka visiwani kwao, naye hakutaka kumezwa na yeyote. Alipotokea Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Kimarekani, Said akaona mlango. Tarehe 21 Septemba 1833 wakatia sahihi mkataba mjini Muscat: Wamarekani wafanye biashara popote katika milki yake, na walipe ushuru wa 5 kwa 100 tu kwa shehena wanayoishusha. Waingereza wakadai wao pia, wakapata mkataba wao 1839. Wafaransa wakapata wao 1844. Kila mkubwa akapewa mkeka wake barazani, na mwenye baraza akawa anawatazama wakishindana.

Ulikuwa ujanja mkubwa, na ulimfaa. Merikebu za Salem zilileta majora na bunduki, zikaondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Viwanda vya Uingereza viliiga merikani na hata kuipiga chapa ya Kimarekani, wanunuzi wasidanganyike. Mwaka 1840 Said alituma merikebu yake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman, ikabeba pembe, karafuu, tende na ngozi. Iliporudi, miongoni mwa shehena yake mlikuwa na majora ya merikani.

Hapo ndipo penye mwiba. Mfumi wa Mogadishu hukaa shimoni mbele ya kitanda chake, akapitisha uzi kwa mkono, na jora moja humla siku kadhaa. Atashindanaje na mashine? Mtawala mwingine angepandisha ushuru ili kumlinda, lakini Said alikuwa amekwisha kujifunga kwa ile 5 kwa 100. Tena kila jora lililoshushwa lilinenepesha forodha, aliyoikodisha kwa Jairam Shivji. Mamlaka yake juu ya Benadir, ingawa yalikuwa ya jina zaidi, yalimfikisha karibu na wafumi hao, na sioni dalili kwamba waliwahi kumkosesha usingizi. Kwa haki yake, alijaribu kusindika sukari Unguja na kupanda nili. Karafuu ndiyo iliyobaki.

Wafumi wenyewe hawakufa. Walianza kununua nyuzi za ng'ambo, wakaendelea kufuma mitindo ambayo mashine haikuijua. Ila mkulima wa pamba na msokotaji, aghalabu mwanamke nyumbani, wakapoteza riziki. Sisi tuliokishuhudia kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kikifungwa, na cha Rivatex cha Eldoret kikianguka hata Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007 ili kukifufua, twajua ugumu wa kurudisha kilichokatika. Na tangu 2018, Marekani, iliyotuletea jora hilo, imekuwa ikipandisha ushuru kuzuia bidhaa za China zisiue viwanda vyake.

Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, vilikata pamba yao, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua soko. Nguo ikawa ya Kihindi, jina likabaki merikani.

Said hakuyaona hayo. Mwaka 1856 aliondoka Oman kurejea Unguja, akiwa ameagiza mbao za jeneza zipakiwe merikebuni. Akafariki baharini karibu na Shelisheli mwezi wa Oktoba. Mwanawe Barghash aliushusha mwili usiku na kuuzika Unguja, kabla mji haujapata habari.