Leo Kanner, daktari aliyesoma barua ya baba mmoja hadi mwisho

Mtoto ana miaka miwili. Mama anamwita jina, hageuki. Lakini mfuniko wa sufuria ukianguka na kuzunguka chini, anakimbia kuutazama na kucheka peke yake. Anapanga vizibo vya chupa mstari mmoja toka asubuhi hadi jioni, na ukigusa kimoja analia sana. Huku Butembo na Beni, familia ya mtoto kama huyo inasikia mengi: amelogwa, ana pepo, mama alikosa kitu wakati wa mimba. Wengi wanaanzia kwenye chumba cha maombi, na miaka inapita.

Hali hiyo ina jina. Inaitwa usonji, ao otisme kwa wale waliosoma Kifaransa. Daktari aliyeijulisha dunia ni Leo Kanner.

Toka kijijini hadi Baltimore

Kanner alizaliwa tarehe 13 mwezi wa sita 1894, katika familia ya Wayahudi, kwenye kijiji kidogo karibu na Brody. Wakati ule eneo hilo lilikuwa chini ya ufalme wa Austria na Hungaria. Leo liko Ukraine. Alienda kusoma Berlin, akaanza udaktari, kiisha vita kuu ya kwanza ikamkatia masomo na akavaa nguo za jeshi. Alipata diploma mwaka wa 1921 na kufanya kazi kwenye hospitali ya Charité, akishugulika na mapigo ya moyo.

Mwaka wa 1924 alivuka bahari na kuingia Marekani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili huko Yankton, South Dakota. Mwaka wa 1928 alihamia hospitali ya Johns Hopkins, katika muji wa Baltimore, na 1930 akafungua humo kliniki ya akili ya watoto. Ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo kwenye hospitali ya watoto inchini humo. Miaka mitano nyuma ya hapo alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo.

Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka wa 1937 alionyesha wazi namna watu 166, wengi wao wasichana wenye ulemavu wa akili, walivyotolewa kwenye nyumba ya serikali ya Rosewood kwa njia ya mahakama, ili wengi wafanye kazi bila mshahara kwa matajiri. Mwaka wa 1942, daktari mwenzake alipotetea wazo la kuua watoto wenye ulemavu mzito, Kanner alipinga kwa maandishi. Tena aliwasaidia madaktari wengi Wayahudi kukimbia Ulaya ya Hitler.

Kurasa 33

Mwaka wa 1938 alipokea barua ya kurasa 33. Ilitoka kwa mwanasheria mmoja wa Forest, muji mdogo wa Mississippi, mbali na waganga wakubwa. Baba huyo alieleza kila kitu juu ya mtoto wake Donald: nyimbo alizoimba bila kukosea angali mdogo sana, vitu alivyozungusha chini, namna alivyofurahi akiwa peke yake na namna alivyokasirika mambo yakibadilika. Madaktari walikuwa wamewashauri wazazi wamuache mtoto kwenye nyumba ya kulelea. Walimuacha humo karibu mwaka mzima, kiisha wakamrudisha nyumbani.

Kanner alimpokea Donald akiwa na miaka mitano. Kiisha alikuta wengine wanaofanana naye. Mwaka wa 1943 aliandika juu ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Hakuwa wa kwanza kuona hali hiyo: Grunya Sukhareva, daktari mwanamke wa Moscow, alikwisha kuieleza mwaka wa 1925. Lakini andiko la Kanner njo lilienea.

Kosa, na kulirudilia

Katika andiko hilo Kanner alisema mtoto anazaliwa na hali hiyo. Lakini aliongeza kwamba wazazi wengi aliowaona walikuwa watu baridi, wasio na huruma nyingi. Miaka iliyofwata alizidi kulisema, na wengine wakalibeba mbali zaidi. Wamama wengi Ulaya na Marekani waliambiwa ni wao walioharibu watoto wao. Huku wanasema uchawi, kule walisema ubaridi wa mama. Mzigo ulianguka kichwani pa mtu mmoja.

Mwaka wa 1969, akiwa na miaka zaidi ya 70, Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwaambia hadharani kwamba hawana kosa. Alifariki tarehe 3 mwezi wa ine 1981, huko Maryland.

Donald naye? Wazazi walimpeleka kuishi kwa mkulima na mke wake. Alipenda kupima, wakamuomba achimbe kisima na kupima urefu wake. Alipenda kuhesabu mistari ya mahindi, wakampa farasi na jembe, awe anahesabu huku analima. Baadaye alimaliza chuo kikuu, akafanya kazi kwenye benki, akafariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 89.

Kutoka barua hadi tablete

Leo mzazi hana lazima ya kuandika kurasa 33. Kuna orodha ya maswali 20 ya ndiyo ao hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na inaweza kusomwa kwenye simu. Katika chuo kikuu cha Duke, Marekani, mtoto anaangalia video fupi kwenye tablete na kamera inafwata macho yake, uso wake, na kama anageuka akiitwa. Jaribio la watoto 475, lililotangazwa mwaka wa 2023, lilitambua karibu watoto 88 kwa kila 100 wenye usonji. Katika muji wa Delhi, India, wafanyakazi wa afya wasio madaktari walipeleka tablete manyumbani kwa watoto wa miaka 2 hadi 7.

Mashine hizo hazitoi jibu la mwisho. Zinachuja tu, ili muganga ajue nani aangaliwe mbele. Na maswali lazima yaulizwe kwa luga ambayo mama anaielewa, Kinande ao Kiswahili, juu jibu lake njo mwanzo wa yote.

Pa kuanzia pako tayari: siku ya kupima watoto kilo kwenye kituo cha afya, ama mureko anapopita nyumbani. Mama anaweza kusema hapo kwamba mtoto hageuki akiitwa, haonyeshi kitu kwa kidole, ao amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Muganga atapima kwanza masikio. Kiisha asikilize mama hadi mwisho, kama Kanner alivyosoma barua ile.